Juisi ya Komamanga: Mwongozo Kamili wa Kuichagua, Kuikamua na Kuinywa Ikufae

Ukiuliza juisi ya komamanga inasaidia nini, utatajiwa maradhi kuanzia utosini hadi unyayoni. Sehemu kubwa ya sifa hizo haina ushahidi. Hata hivyo, ipo faida moja iliyopimwa na watafiti mbalimbali kwa nyakati tofauti, nayo inahusu presha. Ni faida ndogo, na humfikia mtu anayekunywa kiasi kidogo cha juisi halisi isiyotiwa sukari, siku baada ya siku, huku akiendelea na dawa zake kama anazo. Anayekunywa jagi zima mara moja kwa mwezi haioni. Anayenunua maji ya sukari yaliyotiwa rangi nyekundu ndiyo kabisa.

Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kazi yenyewe: kwanza ujue unatafuta nini, kisha uhakikishe juisi haitakudhuru, ndipo tufike kwenye tunda, kisu na glasi. Hatua ya 2 usiiruke hata kama una haraka ya kuingia jikoni.

Hatua ya 1: Jua unachokitafuta

Komamanga lina kemikali za mimea ziitwazo polifenoli. Zinazotajwa zaidi ni punikalagini, ambazo zimejaa kwenye ganda na kwenye utando mweupe unaotenganisha punje, pamoja na antosiani, zinazoipa juisi wekundu wake. Mwaka 2000 vilichapishwa vipimo vya maabara vilivyoonyesha kuwa juisi ya komamanga ya viwandani ina uwezo wa kupambana na uoksidishaji (uharibifu wa chembe za mwili unaotokana na oksijeni) mara tatu hivi kuliko divai nyekundu au chai ya kijani. Hapo ndipo jina lake lilipovuma.

Vipimo hivyo vilifanyika maabara, nje ya mwili wa binadamu. Ukiinywa, punikalagini haziingii kwenye damu zikiwa nzima. Hushuka hadi utumbo mpana, na bakteria wanaoishi humo huzivunjavunja na kuzigeuza kuwa urolithini, na hizo ndizo mwili unazozifyonza. Bakteria hao hawafanani kwa watu wote. Wapo wanaotengeneza urolithini nyingi, wapo wanaotengeneza kidogo, na wapo wasiotengeneza kabisa. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kunywa juisi ileile kwa muda uleule, mmoja akapata kitu na mwenzake asipate. Hatua ya mwisho nimeiweka kwa sababu hiyo.

Tuanze na presha, maana ndiko kwenye ushahidi mzuri. Mwaka 2001 watafiti wa Israel waliwapa wagonjwa 10 wa presha mililita 50 za juisi kila siku kwa wiki mbili. Namba ya juu ya presha ilishuka kwa asilimia 5, na kimeng'enya kiitwacho ACE, kilekile kinacholengwa na dawa za presha kama enalaprili na lisinoprili, kilipungua nguvu kwa asilimia 36. Wagonjwa 10 ni wachache mno kujengea hoja, lakini majaribio yaliyofuata yameelekea upande huohuo. Uchambuzi wa mwaka 2017 uliojumlisha majaribio 8 ulikuta namba ya juu imeshuka kwa wastani wa milimita 5 hivi za zebaki, na ya chini kwa 2. Yaani mwenye 150 anaweza kufika 145. Kwa maoni yangu hiyo ni nyongeza nzuri kwa mtu anayepunguza chumvi, anayetembea na anayemeza dawa zake kwa wakati. Kama tiba inayosimama peke yake, haitoshi.

Habari ya kwamba inazibua mishipa ya damu inahitaji uangalifu zaidi. Mwaka 2004 ulitoka utafiti mwingine wa Israel, wa watu wachache waliokuwa na mishipa ya shingo iliyosinyaa. Waliokunywa juisi walikuwa 10 tu, na unene wa kuta za mishipa yao ulipungua hadi asilimia 30 ndani ya mwaka. Matokeo hayo yalisambaa sana, na hadi leo bado yanasambazwa. Kisicholetwa kwenye mazungumzo ni jaribio kubwa zaidi lililochapishwa Marekani mwaka 2009: watu 289, mililita 240 kwa siku, miezi 18. Kwa ujumla, waliokunywa juisi hawakutofautiana na waliokunywa kinywaji cha kufananisha. Kati ya tafiti hizo mbili, mimi naamini ile yenye watu wengi.

Kuhusu tezi dume kisa kinafanana. Mwaka 2006 Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kilichapisha utafiti wa wanaume waliokwisha kutibiwa saratani ya tezi dume na ambao kipimo chao cha PSA, kipimo cha damu cha kufuatilia saratani hiyo, kilikuwa kinapanda tena. Baada ya kunywa juisi kila siku, muda ambao PSA huchukua kuongezeka maradufu ulirefuka kutoka miezi 15 hadi 54. Hapakuwa na kundi la kulinganisha. Jaribio lenye kundi hilo lilipokuja kuchapishwa mwaka 2015, tofauti ya maana haikuonekana. Wakati huohuo, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliamua mwaka 2013 kwamba kampuni ya juisi ya komamanga ya POM Wonderful ilipotosha umma kwa matangazo ya kutibu na kuzuia ugonjwa wa moyo, saratani ya tezi dume na upungufu wa nguvu za kiume. Mahakama ya rufaa iliafiki uamuzi huo mwaka 2015. Ukikutana na tangazo linalorudia maneno hayo, tambua kwamba tayari yamefikishwa mbele ya sheria yakashindwa.

Kumbukumbu nayo imechunguzwa. Katika jaribio la mwaka 2020, watu wa miaka 50 hadi 75 walikunywa mililita 240 kila siku kwa mwaka mzima. Uwezo wao wa kujifunza na kukumbuka michoro haukushuka, ilhali wa wenzao waliokunywa kinywaji cha kufananisha ulishuka. Vipimo vingine vya kumbukumbu havikuonyesha tofauti. Ni dalili nzuri inayosubiri kuthibitishwa.

Sasa lile la kuongeza damu. Hili nalisemea kwa msisitizo kwa sababu linawagusa wajawazito na watoto. Wekundu wa juisi unatokana na antosiani, wala hauna uhusiano na damu. Gramu 100 za punje zina miligramu 0.3 tu za madini ya chuma, na tanini zilizomo, kemikali zinazoleta ukakasi, zinaweza kuuzuia mwili kufyonza chuma kitokacho kwenye mboga, nafaka na vidonge. Mwenye upungufu wa damu anahitaji kupimwa, kujua chanzo, na kupewa dawa. Akipenda juisi anywe, ila aitenganishe na vidonge vya chuma kwa saa mbili hivi.

Hatua ya 2: Hakikisha haitakudhuru

Kwa mtu mzima mwenye afya, glasi ndogo ya juisi hii haina tatizo. Shida huanzia kwenye madini ya potasiamu, sukari, na jinsi inavyokutana na baadhi ya dawa.

Kikombe cha mililita 240 kina miligramu 530 hivi za potasiamu, zaidi ya zile za ndizi moja ya wastani. Figo nzima huitoa potasiamu ya ziada bila shida. Figo zilizochoka hushindwa, na potasiamu ikizidi kwenye damu inaweza kuvuruga mapigo ya moyo hadi kuua. Hivyo mgonjwa wa figo asiguse juisi hii kabla ya kuzungumza na daktari anayefuatilia vipimo vyake. Ni kweli kwamba upo utafiti ambapo wagonjwa wanaosafishwa damu kwa mashine walipewa juisi hii wakanufaika, lakini walikunywa mililita 100 mara tatu tu kwa wiki, kwenye siku za kusafishwa, chini ya macho ya wataalamu. Nyumbani hali ni nyingine.

Tahadhari hiyohiyo inawahusu wanaotumia enalaprili, lisinoprili na dawa za kundi hilo, pamoja na losartani na spironolaktoni. Dawa hizi huufanya mwili kubakiza potasiamu, na juisi inaongeza nyingine juu yake. Kisha zote pamoja zinashusha presha, hivyo ukisikia kizunguzungu kila unapoinuka kitandani, acha juisi na upime presha siku hiyohiyo.

Anayetumia warfarini kuzuia damu kuganda asianze wala asiache ghafla kunywa juisi ya komamanga bila kumwambia daktari, kwa sababu wapo wagonjwa ambao kipimo chao cha kuganda kwa damu kilibadilika. Anayemeza statini kwa ajili ya kolesteroli naye aulize. Mwenye miadi ya upasuaji amtajie daktari wake kuwa anaitumia.

Mwenye kisukari: kikombe hichohicho cha mililita 240 kina gramu 31 hivi za sukari, hata kama hakikuongezwa chembe ya sukari. Shirika la Afya Duniani linaihesabu sukari ya juisi pamoja na ile ya kwenye sukari ya mezani, asali na soda, na linapendekeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana isizidi asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni gramu 25 hivi. Kikombe kimoja kikubwa kimeshavuka hapo. Kula punje zenyewe kunafaa zaidi. Nusu kikombe cha punje kina gramu 12 hivi za sukari na gramu 3.5 za nyuzinyuzi, na nyuzinyuzi hizo ndizo zinazobaki kwenye chujio ukikamua.

Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe juisi yoyote ya matunda.

Na ninakuomba sana usichemshe wala kusaga mizizi au magome ya mkomamanga, hata ukiambiwa ni dawa ya minyoo. Yana kemikali iitwayo peletierini, ambayo zamani ilitumika kweli kuua tegu, na ambayo ikizidi humdhuru mnywaji. Kwa minyoo zipo dawa salama.

Hatua ya 3: Chagua tunda

Komamanga haliendelei kuiva likishachumwa, kwa hiyo usinunue bichi ukitegemea litaivia nyumbani. Rangi ya ganda inadanganya, kwa sababu aina nyingine huiva zikiwa na ganda la njano au la waridi. Uzito ndio wa kuamini. Chukua mawili ya ukubwa mmoja, moja kila mkono, na uchague lililo zito, maana uzito huo ni maji yaliyomo kwenye punje. Tunda lililoiva vizuri huwa na mabega na pembepembe kidogo, kwa sababu punje zimevimba na kulisukuma ganda kutoka ndani. Mikwaruzo mikavu kwenye ganda haina neno. Epuka lenye sehemu laini inayobonyea, ufa, au unyevu karibu na taji, ile ncha ya juu ya tunda.

Lipo tatizo moja usiloweza kuliona kwa nje: kuvu anayeingia kupitia ua wakati tunda bado changa, akaoza moyo wake huku ganda likibaki zuri. Tunda la namna hii mara nyingi ni jepesi kuliko linavyoonekana. Ukilipasua ukakuta punje nyeusi au za kahawia zilizolegea, tupa tunda zima. Usichague punje nzuri za pembeni, kwa sababu sumu ya kuvu huenda mbali kuliko weusi unaouona.

Tunda zima hukaa kwenye friji hadi miezi miwili. Kwa glasi moja ya mililita 240 andaa mawili makubwa. Tunda moja la wastani hutoa nusu ya hapo.

Hatua ya 4: Pasua na kukamua

Osha tunda kwa maji yanayotiririka huku ukilisugua, kabla kisu hakijaligusa. Uchafu wa ganda hubebwa na kisu hadi ndani, na juisi mbichi haina joto la kuua chochote. Mwaka 2013 punje za komamanga zilizogandishwa, zilizotoka Uturuki, ziliwaambukiza watu 165 homa ya ini aina ya A nchini Marekani. Vaa aproni au nguo usiyoijali, kwa kuwa doa la komamanga ni gumu kutoka.

Kata kofia ndogo upande wa taji. Ndani utaona mistari ya utando mweupe inayogawa tunda kama vyumba vya nyumba. Pitisha ncha ya kisu juu ya ganda kufuata mistari hiyo, kuanzia juu hadi chini, bila kuzamisha hadi kwenye punje. Sasa zamisha tunda kwenye bakuli la maji safi, lifungue kwa vidole gumba, na zikwanyue punje zikiwa ndani ya maji. Punje zitazama, vipande vya utando vitaelea. Chota utando, mwaga maji, na uzichuje punje. Njia hii haimwagiki ukutani na haipotezi punje.

Kwa kukamua, blenda inatosha ukiitumia kwa mkono mwepesi. Bonyeza na kuachia mara chache, kila mara kwa sekunde moja au mbili, mpaka punje zipasuke. Ukiiacha ikimbie, itasaga mbegu za ndani na juisi itakuwa chungu na nzito. Mimina kwenye chujio au kitambaa safi na ukamue kwa mkono. Asiye na blenda atie punje kwenye mfuko imara wa plastiki, aufunge, azipondeponde kwa kifimbo cha chapati, kisha akate kona moja na kumimina.

Ipo njia ya tatu, ya kukata tunda nusu kwa nusu na kulibana kwenye kikamulio cha machungwa. Huwa chungu zaidi kwa sababu utando nao unakamuliwa, lakini ndiyo inayokupa punikalagini nyingi zaidi. Viwanda vinavyobana tunda zima hupata juisi yenye polifenoli nyingi kwa sababu hiyohiyo. Ukiweza kuuvumilia ukakasi wake, chagua hii. Tumia vyombo vya kioo au chuma kisichoshika kutu. Alumini haipatani na asidi.

Juisi mbichi iweke kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, ndani ya friji, na uimalize kwa siku mbili au tatu. Ikibaki nyingi, igandishe katika vibonge vidogo. Mjamzito, mzee, mtoto na mwenye kinga dhaifu wanywe iliyopashwa moto: ifikishe kwenye kuchemka, iepue mara moja, ipoze. Rangi itafifia kidogo.

Hatua ya 5: Ukinunua ya chupa

Soma orodha ya viambato upande wa nyuma, picha ya mbele iache. Kiambato kiwe komamanga peke yake, au komamanga lililokolezwa na kurudishiwa maji. Ukikuta tufaha au zabibu mwanzoni mwa orodha, umeshika juisi ya tufaha au zabibu. Neno "kinywaji" au "nekta" kwa kawaida humaanisha maji na sukari vimeongezwa. Ulimi nao unajua: juisi halisi huacha ukakasi unaokausha mdomo, hata ikiwa tamu. Isiyo na ukakasi kabisa itilie shaka. Usiitegemee ya chupa kwa vitamini C, maana kwa kawaida imebaki kidogo sana.

Hatua ya 6: Kiasi na wakati

Majaribio mengi yametumia kati ya mililita 50 na 240 kwa siku. Ushauri wangu ni mililita 120 hadi 150, mara moja kwa siku. Ni kiasi kilichomo ndani ya kile kilichopimwa, na sukari yake inabebeka. Uingereza, kwa mfano, huduma ya afya ya taifa inawashauri watu wasizidishe mililita 150 za juisi kwa siku, ya tunda lolote.

Inywe pamoja na chakula ili sukari isipande kwa kasi. Usiongeze sukari wala asali. Ikikushinda kwa ukali, iongeze maji. Iwe badala ya soda au juisi nyingine, isiwe nyongeza juu yake, vinginevyo mwezi ukiisha mizani itakuonyesha. Asidi yake hulainisha tabaka la nje la meno, kwa hiyo suuza mdomo kwa maji na usubiri nusu saa kabla ya kupiga mswaki.

Hatua ya 7: Pima kama imekufaa

Kama unakunywa kwa ajili ya presha, pima kwanza wiki moja kabla ya kuanza. Asubuhi na jioni, kibofu kikiwa kitupu, nusu saa bila kahawa wala sigara, kaa kimya dakika tano, mgongo ukiegemea, miguu yote miwili sakafuni, mkono usawa wa moyo. Pima mara mbili kwa kupishana dakika moja, andika zote. Acha namba za siku ya kwanza, kisha tafuta wastani wa siku zilizobaki.

Kunywa kwa wiki nane bila kubadilisha dawa, chumvi wala mazoezi, halafu rudia wiki ya kupima vilevile. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja hutajua kipi kimefanya kazi. Wastani ukishuka kwa namba 3 hadi 6, na uzito haujapanda, endelea, na mpelekee daktari daftari lako ili yeye ndiye aamue kuhusu dawa. Wenye kisukari wapime sukari kabla ya kunywa na saa mbili baadaye kwa siku chache za mwanzo. Wastani usiposogea, basi huenda tumbo lako halina bakteria wa kuifanyia kazi, na hela hiyo ni bora uielekeze kwenye mboga na matunda mengine.

Kipimo kikisoma 180 juu au 120 chini na kupita, tulia dakika chache urudie. Kikibaki hapo pamoja na maumivu ya kifua, pumzi kubana, ganzi upande mmoja, kuona giza au ulimi mzito, nenda hospitali saa hiyohiyo. Kikibaki hapo bila dalili hizo, wasiliana na daktari siku hiyohiyo.